Daraja la Nne kwa Kosa la Upande Mmoja

Kwa Katibu wa Kamati ya Madaraja,
Chama cha Wakusanya Sarafu,
Kupitia dirisha la kibanda cha kutengenezea saa, mkabala na maktaba.

Mheshimiwa Katibu,

Shikamoo. Naanza na shikamoo ya maandishi kwa sababu ile ya mdomo nilikuja nayo hadi dirishani kwako wiki mbili zilizopita, ikanikwama kooni. Nikabaki nimesimama, na wewe ukadhani nimekuja kubadilisha betri ya saa. Naomba radhi kwa usumbufu ule. Sina saa.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, mjukuu wa fundi cherehani wa nyumba ya pili kutoka kona. Naandika kupinga, kwa heshima zote, daraja ambalo kamati yako imeipa sarafu ya bibi yangu. Bahasha yenu niliipokea Jumatatu, nikaifungua palepale njiani, nikaona maneno DARAJA LA NNE, nikairudisha kadi ndani. Sikuhitaji kuendelea kutazama. Herufi zilikuwa kubwa za kutosha.

Ili malalamiko yangu yaeleweke, naomba kwanza nieleze sarafu hii ilikuwa wapi.

Cherehani ya bibi ni ile ya kukanyaga kwa miguu, yenye miguu minne ya chuma, na mmoja wa nyuma ni mfupi. Mwaka aliozaliwa mama, bibi alichoka kushona huku meza ikicheza, akachukua sarafu akaiweka chini ya mguu ule mfupi. Upande wenye kichwa cha kiongozi ulitazama sakafu. Upande wenye ndege ulitazama juu, na kati yake na chuma bibi aliweka kipande cha bitana kilichokunjwa mara mbili, chuma kisije kikateleza. Tangu siku hiyo sarafu haikutoka pale. Kila bibi alipokanyaga, mguu ulisogea kidogo sana, na kichwa kikasuguana na saruji. Mafuta ya mashine yalidondoka yakalowesha ile bitana, ndege akakaa humo kama mtoto wa tajiri. Mwezi uliopita kifungo cha shati kilibingirika hadi huko, nikainua meza kukitafuta, nikaona kitu cha duara. Kifungo hatujakipata hadi leo.

Upande wa ndege, wewe mwenyewe uliuona. Ni korongo anayetua, mdomo wazi, na bawa lake la kushoto lina manyoya kumi na manne ambayo nimeyahesabu kwa lenzi ya maabara ya shule. Upande wa pili alikuwepo kiongozi wa zamani. Amebaki sikio.

Uliigeuza huku na huku chini ya taa yako, ukasema, "Huku amezeeka, huku kazaliwa jana." Kisha ukanionyesha kwa bisibisi Kanuni ya Saba iliyobandikwa ukutani, kwamba pande mbili za sarafu zikitofautiana, sarafu itapewa daraja la upande ulio hafifu. Uliona sijajibu ukadhani sijaelewa, ukanifafanulia kwa upole: "Upande hafifu ndio unaosema, mwanangu."

Nilikuwa nimeelewa. Nilikuwa natafuta jibu. Nimelipata leo Jumatano.

Kabla ya hoja zenyewe, ni haki ujue ni kitu gani kiko hatarini. Kwa mujibu wa tangazo lenu, sarafu za daraja la kwanza hadi la tatu zitakaa juu ya meza, chini ya kioo, katika maonyesho ya Jumamosi hii kwenye ukumbi wa maktaba. Za daraja la nne na kuendelea zitawekwa katika boksi la viatu chini ya meza ya mwisho, lililoandikwa RUKSA KUGUSA. Na bibi anakuja Jumamosi. Nilipofika nyumbani na bahasha aliniuliza imepata ngapi, nikasema daraja la nne. Akaacha kukanyaga. Uso wote ukachanua.

Bibi alisoma hadi darasa la nne. Katika maisha yake yote, la nne limekuwa juu ya la kwanza, na watu wengi aliosoma nao waliishia la pili. "Kumbe tumelingana," akasema, akaendelea kushona huku akitabasamu na pini mdomoni. Tangu hapo hakuna mteja anayechukua gauni lake bila kuambiwa kwamba sarafu ya cherehani imefika la nne na imealikwa maktaba. Mteja mmoja ameahidi kuja na dada zake watatu. Sikuweza kumsahihisha. Nilijaribu mara mbili, mara ya kwanza nilisema "bibi," mara ya pili nikasema "lakini." Sasa fikiria mwenyewe, Mheshimiwa Katibu, bibi huyo akiwa na gauni lake jipya, akiinama na wageni wake wote kutazama ndani ya boksi la viatu.

Hoja zangu ni hizi.

1. Umesema upande hafifu ndio unaosema. Nimeutazama tena kwa kumbukumbu na kwa mchoro niliouchora kwa penseli kabla ya kukukabidhi sarafu. Upande ule hauna mdomo. Mdomo umebaki kwenye saruji yetu pamoja na pua, kidevu, na maandishi yote isipokuwa herufi mbili. Kilichobaki ni sikio. Upande wa pili una ndege aliyefumbua mdomo. Kama kuna upande uliopaswa kupewa nafasi ya kusema, nadhani hata mtu asiye mwanachama angeuchagua, na ule wenye sikio ungetulia ukasikiliza.

2. Kanuni ya Saba haikuishia ukutani kwako. Kosa ni langu, kwa sababu niliieleza mezani tukila, na mama akaipenda sana. Siku iliyofuata kaka yangu aliosha sufuria. Ndani zilimeta. Nje zilikuwa na masizi yaleyale ya tangu zinunuliwe, kwa maana kaka anaamini chakula hakiliwi upande wa nje. Mama akazigeuza moja moja, akatangaza kwamba pande zikitofautiana, kazi yote inapata daraja la upande ulio hafifu, na kaka akarudia kuosha zote sita. Tangu hapo haniiti jina langu. Ananiita Kanuni ya Saba. Jana mama alihamia kwenye mashuka, godoro na vitabu vyangu vya shule, ambavyo majalada ya mbele ni safi na ya nyuma nimechora korongo.

Naomba kamati ijiulize kama ilikusudia haya. Kwa kanuni hiyo hakuna sufuria hata moja katika mtaa wetu inayozidi daraja la nne, na watu wanakula humo kila siku na kushiba.

3. Nakuja kwenye shule, kwa kifupi, maana hoja hii inanihusu mwenyewe. Taarifa yangu ya muhula uliopita, somo la lugha, ina pande mbili. Kuandika: tisini na mbili. Kujieleza kwa mdomo: ishirini na moja, na mwalimu alininong'oneza kwamba ishirini kati ya hizo zilikuwa za kusimama wima. Shule hujumlisha na kugawa kwa mbili, hivyo nilipata hamsini na sita na nusu, nikanung'unika wiki nzima. Baada ya kusoma kanuni yenu nimegundua shule yetu ina huruma kupita kiasi. Kwa kipimo chenu ningetoka na ishirini na moja, na bila kusimama wima ningetoka na moja.

Mwalimu aliandika chini, "Anaweza, ila hasemi." Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Nakiri ni kweli pande zote mbili. Ninachoomba ni kwamba mtu akiisoma, asiishie kwenye "hasemi."

4. Hoja ya nne nimeiandika mara tatu na kuifuta mara tatu kwa kuogopa kukosa adabu, lakini mwalimu wa sayansi ametufundisha kwamba kanuni nzuri lazima ijaribiwe kwa kila kitu, hata kwa aliyeitunga. Basi nimeijaribu. Kibanda chako kwa mbele kimepakwa rangi ya samawati na kuandikwa FUNDI SAA kwa herufi zenye kivuli. Kwa nyuma, ambako napita nikienda shule, ni bati lenye kutu na tangazo la sabuni la zamani, juu chini. Koti lako la kijivu, ambalo bibi anasema ndiye aliyelishona, kwa mbele limepigwa pasi hadi lapeli, zile kola za kifuani, zinakata. Mgongoni lina alama ya kiti. Na tukija upande wa kichwa, wa mbele hauna nywele na wa nyuma unazo. Sithubutu kutaja daraja.

Hakuna anayekuambia hivyo ukipita njiani. Watu wanakusalimia kwa jumla.

5. Kanuni yenu inaadhibu kazi. Kiongozi wa zamani hakupoteza pua kwa uzembe. Alishikilia cherehani isicheze tangu mama hajaota jino. Juu yake zimeshonwa sare za shule za watoto wote wa mtaa huu, mapazia ya maktaba hiyo hiyo mnayofanyia maonyesho, na koti lililotajwa hapo juu. Ndege wakati huo alikuwa amelala kwenye bitana. Natambua kwamba hapa nahatarisha hoja yangu ya kwanza, kwa kuwa niliomba ndege ndiye asikilizwe. Nimefikiri sana jinsi ya kuziunganisha hoja hizi mbili. Nimeamua kuziacha zote, msomaji achague.

6. Kwa kuwa sipendi kulalamika bila kutoa njia, napendekeza sarafu ikatwe.

Simaanishi katikati kama mkate. Namaanisha ikatwe kwa ubapa, kama mtu anayegawa andazi apake kitu ndani. Tutapata sarafu mbili nyembamba. Moja itakuwa na korongo na mgongo mpya. Nyingine itakuwa na sikio na mgongo mpya. Migongo hiyo haijawahi kuguswa na kidole wala saruji tangu sarafu ilipotoka kiwandani, kwa hiyo bila ubishi ni ya daraja la kwanza. Haina picha, najua, lakini kanuni zenu zinapima uchakavu, na sijaona mahali zinapodai picha. Hapo kati ya pande nne, tatu ni bora. Tukikata kila moja tena tunapata sarafu nne zenye pande nane, na saba ni bora. Tukikata tena, kumi na tano kati ya kumi na sita. Ukiendelea hivyo upande hafifu unazidi kuwa jambo dogo hadi kuutaja kunakuwa uchokozi.

Nilikwenda kwa fundi wa madirisha ya chuma na pendekezo hili, nikampa kwa kikaratasi. Alilisoma, akanitazama, akalisoma tena, akanijibu nyuma ya kikaratasi hichohicho kwamba msumeno wake ni mnene kuliko sarafu. Kwa hiyo naiachia kamati itafute msumeno.

Kama msumeno hautapatikana kabla ya Jumamosi, naomba jambo moja dogo: sarafu ikae juu ya meza. Iwe pembeni, iwe nyuma ya sarafu nyingine, isiwe na maandishi yoyote, si kitu. Ikae tu mahali ambapo bibi hatalazimika kuinama. Sikuomba haya kwa mdomo kwa sababu unazozijua sasa.

Naomba unisalimie wanakamati wenzako wote, hasa yule mama mwenye mizani aliyenipisha nisimame kivulini pale dirishani. Nisalimie wa nyumbani kwako, mwanafunzi wako wa kazi ya saa, na paka anayelala juu ya redio. Bibi anakusalimu na anauliza kama lile koti bado linakubana kwapani.

Wako katika kutafuta haki kwa pande zote,

Mjukuu wa fundi cherehani,
nyumba ya pili kutoka kona.

Nyongeza (iko nyuma ya karatasi, tafadhali geuza):

Mheshimiwa Katibu, barua ilikuwa imekwisha na nimeshaisaini kwa wino. Ilibaki kuandika juu namba ya kadi yenu, kama tangazo linavyotaka kwa kila mwenye malalamiko. Nikamuuliza bibi ile bahasha iko wapi. Akasema bahasha iko kabatini ila kadi anaitumia.

Ni hivi. Tangu sarafu iende kwenu cherehani imerudi kucheza, na kola ya shati la mteja mmoja imetoka na mlima. Jumatatu bibi aliniuliza kama ile karatasi ngumu ina kazi, nami nikiwa na huzuni zangu nikamjibu haina. Kwa bibi kitu kisicho na kazi hupewa kazi. Aliikunja mara mbili akaiweka chini ya mguu mfupi.

Niliinua meza nikaitoa. Upande wa nje umesuguliwa. DARAJA LA NNE limebaki RAJA LA N, na namba ya kadi ni saba au moja, mtachagua. Nikaikunjua, na ndani, yaani nyuma ya kadi, upande ambao sikuwahi kuutazama, pakiwa safi kabisa kana kwamba ni asubuhi ile mlipoandika, nikakuta mwandiko wako:

"Upande wa kichwa: la nne. Upande wa ndege: la kwanza. Kamati haijawahi kuona tofauti kubwa namna hii katika sarafu moja. Iwekwe meza ya mbele, juu ya kioo, na kioo cha kujitazamia chini yake, ionekane pande zote. Mwenye sarafu au mjukuu wake asimame aeleze ilikuwa wapi. Dakika tatu zinatosha."

Nimekaa sakafuni karibu na mguu wa cherehani nikaisoma tena, mbele na nyuma. Nimeandika kurasa nzima kulaumu watu wanaoamua kwa upande mmoja.

Kisha nikamsomea bibi. Niliona wakati umefika wa kumweleza ukweli kuhusu la kwanza na la nne, nikafumbua mdomo, lakini aliniwahi. Alisimamisha gurudumu kwa kiganja, akafikiri, akasema, "Wamewapima sawasawa. Huyu wa chini kafanya kazi, kafika la nne. Huyu wa juu kalala kwenye bitana miaka yote hiyo, kabaki la kwanza. Huyo fundi saa ana haki."

Nikafumba mdomo. Kwa hiyo naondoa hoja ya kwanza hadi ya tano. Ya sita aliiondoa fundi wa madirisha.

Barua naituma hivyohivyo, kwa kuwa imeandikwa pande zote mbili na sasa najua si vizuri kutoa mmoja. Nina maombi mawili tu. La kwanza, maonyesho yakiisha msiharakishe kuirudisha sarafu, mkae nayo hata mwezi. Bibi amesema ikirudi ataiweka upande wa ndege chini, maana ni zamu ya ndege naye asome. Kwa sasa nimemwekea kipande cha ubao na kola zinatoka vizuri, lakini yeye anasema ubao hauna elimu.

La pili ni kuhusu zile dakika tatu. Nimejaribu mara nne mbele ya cherehani, na mara ya mwisho nilifika hadi kwenye kifungo kilichobingirika. Nitakuja Jumamosi na nitasimama. Nitaanza na shikamoo. Ukiona midomo yangu inacheza na husikii kitu, tafadhali itikia tu marahaba, na mengine yatafuata.